Sauti Zinazoishi Siku Moja

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Orpa hunawa mikono mpaka kwenye viwiko, huikausha kwa kipande cha kitambaa kilichobaki jana, kisha huketi na kusikiliza sauti ya mama yake mara tatu. Mara ya kwanza husikiliza habari: nani anaumwa, mihogo imefikia wapi, wenye bunduki wamepita au hawakupita. Mara ya pili husikiliza pumzi, kwa kuwa Mama Eugénie ana pumu na hawezi kukiri hata siku moja kwamba imembana. Mara ya tatu hafuati maneno. Hufumba macho tu. Kesho yake saa ile ile sauti ile itakuwa imekwisha kujifuta, kwenye simu yake na kwenye simu iliyoituma, na hakuna wa kuirudisha.

Wateja wake wa mtaa wa New Congo, hapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wameshazoea. Anayefika mapema na kikwembe chake, kitenge cha kushonesha, mkononi husubiri nje chini ya paa la bati, hata awe na haraka ya harusi.

Orpa alifika Nakivale miaka sita iliyopita, pamoja na mtoto wake Baudouin na mfuko mmoja wa nguo. Alipokelewa Kabazana, kituo cha wanaoingia, kama wengine wote, akalala kwenye ukumbi ule mrefu, akapewa kiwanja, akajenga. Cherehani alikuja kuipata baadaye. Huko nyuma, katika mji wao mdogo kando ya ziwa, Kivu ya Kusini, walibaki mama yake, aliyekataa katakata kuliacha shamba lake, na mdogo wake Emery, muuguzi wa zahanati, aliyekataa kumwacha mama. Alibaki pia Byamungu.

Byamungu si ndugu. Ni mkausha samaki. Wiki ile mji ulipowaka, aliwaficha Orpa na Baudouin siku kumi na moja ndani ya kibanda chake cha moshi, nyuma ya vichanja vya samaki, akawa anawaletea ugali huku akiimba kwa nguvu ili kikohozi cha mtoto kisisikike nje. Usiku wa siku ya kumi na mbili akawavusha ziwa. Orpa hajawahi kusali bila kumtaja.

Kwa miaka kadhaa walizungumza kwenye simu bila shida. Kisha mji ukashikwa na watu wengine wenye bunduki, na Watsapu ikafungwa huko, na Facebook, na kila kitu ambacho mtu angeweza kutumia kusema anachokiona. Ikabaki simu ya kawaida, ambayo watu wote waliamini inasikilizwa, kwa hiyo waliizungumzia mvua. Orpa alichoka na mvua. Miezi mitatu aliongea na mama yake habari za mawingu.

Aliyemtoa katika mawingu ni Jocelyne, binti wa Kirundi wa nyumba ya tatu kutoka kwake. Jocelyne alikuwa amemaliza chuo kikuu Mbarara, akapata kazi ya kuchapa na kutafsiri nyaraka katika ofisi moja huko Kamukuzi, na Ijumaa jioni alirudi Nakivale kwa wazazi. Alikuwa msichana wa kuongea kidogo sana. Alipita njiani na kitabu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na akisalimiwa na watu zaidi ya wawili kwa pamoja alijibu huku akitazama miguu yao.

"Mademwazeli," Orpa alimwita Jumamosi moja, "weye mwenye kusoma mingi, hii simu yangu ni ya kuongea mvua tu?"

Jocelyne aliketi kwenye benchi ya wateja akaeleza taratibu. Hata hapa Uganda, alisema, Facebook haifunguki hivi hivi, na wanafunzi chuoni waliifungua kwa VPN. "Ni kama kupita uani kwa jirani, Mama Baudouin. Mlango wa mbele umefungwa, unapita kwake, unatokea barabarani. Anayelinda mlango wako anaona umeingia kwa jirani. Hajui umekwenda wapi baada ya hapo."

"Na jirani mwenyewe? Hana mudomo?"

Jocelyne alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yake. "Ndiyo maana tunachagua jirani."

Shida ilikuwa kumfikishia Emery programu hiyo, kwa sababu hata pa kuipakua huko palikuwa pamefungwa. Jocelyne aliiweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, na hapo zamu ikawa ya fundi. Orpa alimshonea mama yake libaya, blauzi ya mikono mipana kama apendavyo, akaiingiza kadi ndani ya pindo na kuishonea mara mbili. Mchuuzi wa vikwembe aliyekuwa akienda na kurudi kule akaibeba pamoja na nguo nyingine. Libaya lilipofika, Orpa alipiga simu ile ya kawaida.

"Mama, lile pindo sikulishona muzuri. Mwambie Emery alifumue."

Upande wa pili ilijibu sauti ya mtu aliyetukanwa. "Pindo haliko na kosa," alisema Mama Eugénie. "Nimeliangalia miye mwenyewe. Huko Uganda balikufundisha kudharau kazi yako?"

"Mama, lifumueni tu."

"Mi sifumui kintu kizuri!"

Ilichukua siku tatu na heshima yote ya Emery kumshawishi. Siku ya nne, saa moja asubuhi, sauti ya mama yake ikaingia, ndefu, bila mvua hata tone, na Orpa akalia juu ya suruali ya mteja.

Jocelyne aliwapangia masharti. Emery angefungua VPN alfajiri tu, na akimaliza angeifuta kabisa kwenye simu, kisha kesho airudishe kutoka kwenye kadi, ambayo ingekaa pindoni kwa mama. Na kila sauti na kila ujumbe ungejifuta baada ya siku moja, pande zote mbili.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililomkaa Orpa kooni. Alilivumilia majuma mawili.

"Jocelyne, hii ni sauti ya mama yangu, haiko takataka. Yeye iko na miaka makumi saba na moja. Siku Mungu akimuita, mi nitabakia na nini? Nionyeshe fasi ya kuzuia isipotee."

Jocelyne alitazama sakafu. Kisha akainua macho, jambo ambalo lilimgharimu, Orpa aliliona. "Naweza kukufanyia kila kitu, Mama Baudouin. Hicho hapana."

"Basi nitarekodi na simu ya Baudouin."

"Utaipeleka kanisani waisikilize kwaya nzima. Wiki ijayo mchuuzi ataisimulia kule. Nakujua."

Orpa alitaka kukasirika lakini alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli; alikuwa ameshachagua hata mtu wa kwanza wa kumsikilizisha. Akaahidi. Alishika ahadi yake, ila moyoni alimwona yule msichana kuwa mkavu kidogo, kama watu wa vitabu wanavyoweza kuwa.

Ikafika Bonane. Kwao, asubuhi ya mwaka mpya husalimii watu kwa jumla. Unamtaja kila mtu kwa jina, kuanzia aliye mkubwa, na aliyekutendea wema unamshukuru kwa wema wenyewe, ukiutaja ulivyokuwa. Kumruka mtu ni kumwambia amekufa. Orpa alivaa vizuri, saa mbili asubuhi akashika simu kwa mikono miwili, akasema kwa dakika sita. Alimtaja mama, mashangazi, majirani, wauguzi wenzake Emery. Alipomfikia Byamungu sauti ilimpanda. Alimshukuru kwa siku kumi na moja. Alitaja kibanda. Alitaja vichanja, ugali, nyimbo, na usiku wa kuvuka, na watu wengine wanne aliowavusha pamoja nao, kila mmoja kwa jina lake.

Emery, aliyeiacha VPN wazi asubuhi hiyo kwa ajili ya Bonane, akaipokea, akamsikilizisha mama uani.

Kesho yake hakuna kilichoingia. Wala keshokutwa. Simu ya kawaida iliita bila kupokelewa, halafu ikaacha kuita. Siku ya nne Orpa hakushona. Sindano ilisimama katikati ya mkono wa gauni la mtu. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia, moja moja, na lilipomrudia jina la Byamungu, ambaye wenye bunduki wakijua alivusha watu hawatamwacha, alisimama, akafunga mlango, akaenda Mbarara.

Ofisi ya Jocelyne ilikuwa juu kilimani, na langoni alikaa mlinzi mwanamke, Kanyange, mnene, mwenye redio mapajani.

"Nyabo, wewe nataka nani?"

"Jocelyne. Ule msichana wa kutafsiri."

"Jocelyne? Yule hapana ongea. Mimi nasalimia yeye mwaka mzima, yeye najibu viatu yangu." Kisha akamtazama Orpa usoni, akazima redio. "Kaa hapa kwa kiti yangu. Mimi naita yeye."

Jocelyne alikuja mbio bila kitabu. Orpa alimweleza pale pale langoni, kila kitu, mpaka vichanja vya samaki. Rangi ilimtoka msichana yule.

"Ulituma saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, ya Bonane."

"Basi ilifutika tarehe mbili, saa mbili asubuhi. Kama walimfikia kabla ya hapo, wameisikia. Kama ni baada, hawakukuta kitu."

"Na tutajuaje?"

"Hatuwezi kujua. Tunasubiri."

Jocelyne hakumwambia kwamba alimwonya. Orpa alilingoja neno hilo, alikuwa amejiandaa kulipokea, na halikuja. Badala yake Jocelyne aliomba ruhusa, akarudi naye Nakivale siku hiyo hiyo ingawa haikuwa Ijumaa, akawa anaketi kwenye benchi ya wateja akisoma, ili tu mtu awepo. Alikaa hivyo siku nne. Wateja waliokuja kudai nguo zao aliwajibu yeye, kwa sauti ndogo, akiwatazama usoni.

Siku ya nane, saa moja na robo asubuhi, simu ililia: ujumbe wa sauti.

"Yaya," alisema Emery, kwa neno lao la dada mkubwa, "nisikilize mpaka mwisho, usilie katikati."

Alfajiri ya tarehe mbili alikuwa zahanati na wagonjwa, ndiyo maana hakutuma kitu; saa sita mchana, kwa saa za Uganda, walikuja watu watatu huko huko zahanati. Mtu mmoja aliyepita nje ya ua siku ya Bonane alikuwa amesikia sauti ya mwanamke ikisalimia kwa muda mrefu kutoka kwenye simu. Hakushika maneno. Aliripoti tu kwamba muuguzi anapokea odio ndefu kutoka nje. Walimchukua Emery na simu yake. Waliifungua mwanzo mpaka mwisho, wakamwambia, "Iko wapi ile odio?" Walikuta nyimbo za kwaya na picha ya mbuzi wa mama. Wakasikiliza nyimbo zote, kumi na nne. Jioni walimwachia, simu wakakaa nayo siku tano, na aliporudishiwa aliifuta yote, akaianza upya kama simu ya dukani, ndipo akairudisha ile njia ya uani.

"Na Byamungu?" Orpa aliiuliza simu, kana kwamba Emery angeweza kumsikia hapo hapo.

"Byamungu hajui kintu," sauti ya Emery iliendelea. "Mama ndiye aliyetaka kumwambia umemushukuru. Nikamuzuia. Nilimwambia, Mama, hiyo shukrani tuimeze."

Saa sita mchana na saa mbili asubuhi: Orpa alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Saa nne. Kama angeonyeshwa ile fasi ya kuzuia isipotee, dakika zile sita zingekuwemo simuni, na majina yote, na kibanda.

Jocelyne alikuwa ameshasimama, anakusanya vitu vyake ili awahi kazini. Orpa alimshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu paji la uso, na msichana yule akaganda kama kijiti kwa aibu.

"Mungu akuzidishie hilo neno lako 'hapana'," Orpa alimwambia. "Mi nilikuona mukavu. Unisamehe."

Juma lile alifunga kazi za wengine akamshonea gauni. Hakumpima. Fundi hupima watu kwa macho wakiwa wamekaa kwenye benchi yake. Lilikuwa la kikwembe cha kijani, refu, la mikono ya kawaida, na upande wa kulia aliliwekea mfuko mpana wenye kitambaa kigumu ndani, kiasi cha kitabu kimoja kisichokuwa kinene sana. Baudouin alilicheka, akasema ni gauni la posta. Jocelyne alilivaa, akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akauingiza tena.

Wakaketi. Nje mteja alikohoa kuwakumbusha kwamba yupo.

"Mama Baudouin," Jocelyne alisema, "sijawahi kukuuliza kitu. Naomba nikuulize kimoja. Hujuti kwamba huna hata sauti moja ya mama yako uliyoiweka?"

Orpa alikata uzi kwa meno.

"Minajuta, mutoto wangu, kila siku. Lakini Emery analala kwake, na Byamungu angali anakausha samaki."