Siku Niliyoyaamuru Maji ya Rufiji

Enzi zetu, sisi tuliokulia bondeni upande wa Mahege, kitabu kimoja kilitosha kuharibu watoto wanne. Cha kwetu kilifika kutoka Dar es Salaam ndani ya mkoba wa mjomba. Kilikuwa hadithi ya kisayansi ya kubuni: kimondo kinaanguka, vijana wanne wanaguswa na vumbi lake, mmoja anapata nguvu za maji, mwingine moto, mwingine upepo, wa mwisho ardhi. Ukubwani nimekutana na hadithi nyingi za namna hiyo, na zote ni ndugu wa baba mmoja. Wa moto lazima awe na hasira. Wa upepo ni mcheshi. Wa ardhi ni mpole, mzito, na hapati mchumba. Wa maji ni mkimya, ana huzuni isiyoelezeka, na ndiye mteule. Wazazi wa wote wamekufa au wamesafiri, maana mama akiwepo nyumbani hakuna atakayeruhusiwa kwenda kuokoa dunia kabla hajaosha vyombo.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nawasomea wenzangu kwa sauti, nilijipa maji. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba kama ufito, na ile huzuni isiyoelezeka niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Mama aliniona, akadhani tumbo linanisokota, akaninywesha mwarobaini. Shabani wa jirani alipata moto kwa sababu alikuwa akigombana hata na mbuzi. Mdogo wangu Tatu, aliyekuwa na miaka sita, alipata upepo, kwani meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na kila neno lilimtoka na mluzi. Ikabaki ardhi, tukampa binamu yangu Mwanahawa. Yeye aliyataka maji. Baba yake alikuwa mvushaji wa watu mtoni, naye Mwanahawa alikuwa anasukuma mtumbwi kwa upondo tangu hajajua kufunga kanga vizuri. Nikamwambia kitabu hakisemi hivyo. Akasema haya, akaenda zake kutwanga.

Msimu wa mpunga tulihamia shambani, tukaishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ndefu ili ndege tuwaone na maji yasitufikie. Asubuhi tulifukuza ndege kwa kugonga makopo, jioni tulisoma juzuu kwa shangazi, mama yake Mwanahawa, ambaye alijua kosa lako hata akiwa amekupa mgongo. Kulikuwa na pepeta: mpunga mchanga unakaangwa, unatwangwa ungali wa moto, unaliwa na nazi ya kukuna. Siku hizi wanangu nikiwasimulia pepeta wananiuliza inauzwa duka gani.

Mwaka huo mvua za bara zilikuwa nyingi na mto ukaanza kupanda. Asubuhi moja mama na shangazi walichukua mtumbwi mkubwa, wakaenda kuwahi mpunga uliokwisha kuiva upande wa chini. Mtumbwi mdogo ulibaki umefungwa kwenye nguzo. Mama alituambia neno moja tu kabla ya kuondoka: "Asiteremke mtu. Maji haya hayana adabu."

Maji yalizidi. Saa nne yalikuwa yamefunika vipandio viwili vya ngazi, yakibeba majani na kuku wa mtu akiwa hai juu ya gogo. Tatu alianza kulia. Na mimi, badala ya kumshika mkono mtoto, nikakumbuka kitabu. Katika kitabu, nguvu hazijitokezi mpaka siku ya hatari. Nikawatangazia wenzangu kwamba siku yenyewe ndiyo hii. Mwanahawa alinitazama, akaniambia kwa utulivu kwamba mama amekataza. Nikamjibu kuwa ardhi haiwezi kuyaelewa mambo ya maji.

Niliteremka ngazi hadi maji yakanifika kifuani. Nikanyoosha kiganja, nikafanya ule uso wa huzuni, nikayaamuru yarudi yalikotoka.

Maji yakaninyanyua miguu. Nilichokifanya nakikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda: niliikumbatia nguzo ya dungu, nikafumba macho, nikamwita mama. Nikiwa bado nimefumba nikasikia kitu kimetumbukia nyuma yangu. Tatu alikuwa ameteremka kunisaidia kwa upepo wake. Nilipofumbua macho alikuwa tayari amekokotwa hatua mbili tatu, ameshika matete kwa mikono miwili, kichwa chake kinazama na kuibuka. Ungenyoosha mkono, utasema. Sikunyoosha. Mikono yangu ilikataa kuiachia nguzo. Juu yangu Shabani alikuwa anawasha kiberiti kilicholowa, njiti baada ya njiti, na hata leo hajaweza kunieleza alikusudia nini.

Mwanahawa alishafungua mtumbwi. Aliuacha uteremke na mkondo, akaukita upondo, akauzuia kwenye matete, akamvuta Tatu kwa gauni mpaka akaingia ndani kama samaki. Kisha akarudi kunibandua mimi.

Mama aliporudi alitukuta wote tumelowa. Aliuliza nani aliyeteremka, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kabla sijafungua kinywa, Tatu akasema aliteleza mwenyewe, na kaka ndiye aliyeyaamuru maji yakamwachia. Mama hakuelewa hiyo amri ni ipi, lakini alielewa kwamba nimemwokoa mdogo wangu. Usiku ule alinipakulia kichwa cha kambale, fungu la baba. Nilikila. Mwanahawa alikaa mbele yangu akila mkia.

Niliishi na kichwa kile cha kambale miaka mingi. Mwanahawa leo ana boti yake ya injini, anapeleka abiria kwenye visiwa vya delta, na nilipomwomba radhi alisema yalishapita. Kwa Tatu niliogopa zaidi. Ni mwalimu Kibiti sasa. Mwaka jana nilikwenda kwake, nikamweleza yote: nguzo, macho niliyofumba, mkono ambao sikuunyoosha. Alinisikiliza huku akisahihisha madaftari.

"Kaka, nilikuona," alisema. "Nilikuwa kwenye matete nakutazama. Nilimwambia mama vile ili usipigwe."

Nilitoka pale nikiwa mteule mdogo kuliko wote duniani.

Binti yangu Rukia anasoma hadithi hizo hizo kwenye simu, na wenzake hubishana siku nzima mitandaoni nani ni moto na nani ni upepo, watu ambao bando likiisha wanaishiwa nguvu zote. Huwa nawacheka. Lakini masika yaliyopita alinipigia kutoka njia ya shule, maji yamekata barabara, wenzake wanavuka. "Baba, naogopa," alisema. "Njoo unichukue." Nikaenda kutoka Ikwiriri kwa pikipiki, tukarudi kwa njia ndefu, matope hadi magotini.

Nazipenda enzi zetu, na pepeta nitaililia mpaka nife. Ila sentensi ile ya Rukia, naogopa, ndiyo iliyokuwa kinywani mwangu siku nimekumbatia nguzo, na wakati ule hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba inaruhusiwa kusemwa.