Nguzo za Dar na Nyasi za Babu

Ipo siku moja ninayoikumbuka bila kukumbushwa, Aika mwanangu: siku niliposimama mbele ya wazazi wa shule nzima nikamfananisha babu yangu na kiazi, naye ameketi mstari wa mbele kavaa koti lake la Pasaka. Sikukusudia kumtukana. Wapumbavu wote husema hivyo, nami sioni kwa nini nijitafutie utetezi mpya uzeeni.

Nianze na safari, maana ndiyo iliyonilevya. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo ukiniambia twende Arusha, goti linaanza kuuma kabla sijavaa viatu. Lakini nilipokuwa kidato cha tatu, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni na kila mtu mjini Moshi akawa na koti la Mzungu asiyemjua, shule ilitupeleka Dar es Salaam kwa treni. Huko mwalimu wetu wa historia alitusimamisha mbele ya jengo moja la zamani karibu na bandari. Lilikuwa na nguzo nene, nyeupe, vichwa vyake vimechongwa majani. Akasema mtindo ule ulianza kwa Wayunani, waliojenga hivyo nyumba za miungu yao. Nikapenda, mwanangu. Wenzangu walikwenda kutafuta juisi ya miwa. Mimi nikabaki nazikumbatia nguzo, moja baada ya nyingine, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotezana na mama.

Nilirudi mlimani shingo imerefuka. Kanisa letu likawa dogo, migomba ikawa imepandwa ovyo, hata Kilimanjaro wenyewe nikauona ni mlima usio na mpangilio. Mtembezi hula miguu yake, wanasema. Mimi nilikula na akili.

Babu alikuwa akiishi kwenye msonge, ile nyumba ya duara ya nyasi tangu kileleni hadi chini, wa mwisho uliobaki katika kihamba chetu, shamba la ukoo tulilorithi migomba na makaburi kwa pamoja. Upande mmoja alilala yeye, upande wa pili ng'ombe. Nyumba ya baba ilikuwa hatua chache kutoka pale, nayo ilikuwa ya bati, lakini babu hakutaka hata kuisikia. Paa la msonge lilikuwa limechoka. Shangazi zangu walishabeba nyasi kichwani kutoka tambarare, kupanda kote huko, wakazirundika uani. Babu kifua kilikuwa kibovu, kuezeka hakuwezi tena. Kijana mwenye mabega nikaahidi: kabla ya masika, paa jipya.

Badala ya kuezeka nikaandika insha. Niliieleza Dar nguzo kwa nguzo, kisha nikataka kuonyesha tofauti: "Huko kwetu mtu na ng'ombe hufukiwa chini ya nyasi kama viazi." Mwalimu wa Kiswahili alifurahi, akaniteua niisome siku ya wazazi. Babu alitembea toka alfajiri kuja kunisikia. Ukumbi ulicheka. Nikatazama mstari wa mbele nivune sifa, nikamwona anapiga makofi taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi mikononi.

Jumamosi nikaenda na panga na kamba. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la nyasi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, msomi. Umekuja kufanya nini?"

"Kuezeka."

"Acha. Viazi havihitaji paa."

Nikadhani ni utani. Wiki ikapita, ya pili ikapita, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa nyasi, si mimi, si baba. Mawingu yakaanza kushuka. Mwishowe baba akaniambia neno moja tu: "Isale." Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, mmea ule tunaoupanda mipakani na makaburini, na anayeletewa hana njia ya kulikataa.

Nikakimbia, nikakata la kwanza nililoliona. Kumbe nimekata mpakani kwa jirani yetu Mama Manka, wakati huo ndiyo kwanza ameolewa, lakini ulimi ulikuja umeshakomaa. Akanikuta na shina zima mkononi.

"We kijana, unahamisha mpaka?"

"Naenda kuomba msamaha, mama."

"Kwa kuiba? Basi chuma majani mawili. Moja uniletee mimi."

Nikachuma mawili. Baba alicheka siku tatu.

Babu alilipokea jani lake kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Lile jengo lako la Dar, ndani kuna nini?"

"Sijui, babu. Hatukuingia."

"Na hapa huwa unaingia?"

Nikainama. Tangu nianze sekondari nilikuwa namsalimia mlangoni, naogopa sweta la shule lisinuke moshi. Akanishika mkono, akaniingiza, akakiweka kiganja changu kwenye nguzo ya kati, nyeusi, laini kama mpini wa jembe. "Hii aliisimamisha babu yangu," akasema. "Na sisi tunazo. Ila zetu ziko kazini." Akasema amenisamehe. Kesho yake niezeke.

Mvua ilituwahi. Katika zile wiki za kususiana, nyasi za chini ya rundo zilikuwa zimeoza, za juu ng'ombe kazila. Zilizobaki hazikutosha hata nusu ya paa. Upande wa babu ukavuja, na katikati ya masika nyumba iliketi chini polepole, kama mzee anayetafuta kigoda. Ng'ombe tulimtoa. Babu alihamia kwa baba, chini ya bati zilizovushwa kwa magendo mpakani Tarakea, akaishi huko miaka miwili akilalamika kwamba mvua inampigia kelele. Hakunilaumu hata mara moja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu mwenyewe alikuwa mimi.

Nimechoka, mwanangu, sina nasaha nyingi. Siku hizi ukipita mtaa wa Shirimatunda, pale Moshi, utaona nguzo za saruji kwenye baraza, nyingine hazibebi kitu ila hewa. Siwacheki wenyewe. Nenda ukatembee, uitazame miji ya watu, ushangae, upige picha. Lakini nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wala huujui wema wake. Usiisifu ya wenzako kwa kuiona mbele tu, na usiitie ya kwenu masizi ili ya wenzako ing'ae. Na ukikosea, wahi. Moyo wa mzee waweza kusamehe kwa dakika moja. Paa lake bado litataka kuezekwa. Ruwa, Mungu wa baba zetu, akupe macho ya kufika mbali na miguu isiyosahau kupanda mlima, na kila mlango utakaouinamia ukupokee.

Jana nilimsomea Mama Manka maneno haya barazani kwake, maana macho yake hayasomi tena. Alisikiliza hadi mwisho, akajifunga kanga vizuri, akasema:

"Mzee alitaka nyasi, Baba Aika, na wewe leo umempa insha nyingine."