Uyoga wa Kwenye Gogo la Dundori

Usiniambie ati niliota. Ndoto haiachi alama, na yangu hii hapa kwa mkono, nyeusi, iguse ukitaka.

Ilikuwa wakati wa Imajensi, huku juu Dundori, wazungu wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Walitufungia kijijini, handaki pande zote, limejaa miti iliyochongwa. Lango lilifunguliwa mchana kwa saa moja tu, tutafute kuni. Ukichelewa, wewe ni mtu wa msituni, na mtu wa msituni alipigwa risasi. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane, Njoki, na njaa ilikuwa inanikausha maziwa. Nikamwachia mama mkwe, nikatoka mbio.

Pembeni mwa msitu nikapata gogo limeoza, limejaa uyoga wa kijivu, kofia zimefunga kama mayai. Mama yangu alinifunza: wa kwenye gogo, uchume ukiwa umesimama, uende zako. Lakini njaa ilikuwa imenichosha, jamani! Nikakaa.

"Si wote wa kula, mtoto wangu."

Mwanamke amekaa upande ule mwingine wa gogo, blanketi begani. Alikuja saa ngapi? Sikumwona, niamini. Akanishika mkono, akaanza kunionyesha. "Huu umefunga, ndani mweupe, tia kwa kiondo. Huu ukingo umeanza kuwa mweusi, wacha. Kesho utakuwa wino mtupu."

"Asante mama, lakini lango litafungwa."

"Bado mmoja."

Nikajaribu kuinuka. Wapi! Miguu ilikataa, na mkono wake ulikuwa baridi, haung'oki. Nikamsihi, nikamtukana, nikalia nikimtaja mtoto.

Akauliza polepole, "Bado ananyonya?"

"Ndiyo," nikajibu. Mjinga mimi! Akaniachilia hapo hapo, vidole vyake vimeacha alama nyeusi mkononi, na sikumwona tena.

Nikatazama kiondo. Uyoga wote niliochuma mweupe ulikuwa umeyeyuka, wino unadondoka. Na ule huchukua siku nzima kuyeyuka! Nikakimbia nikijua nimelala nje ya lango, nimekufa.

Homgadi aliyelinda lango akanishangaa. "Mbona mbio? Si umetoka sasa hivi na wenzako?"

"Nilitoka jana."

"Jana ulirudi. Nilikufungulia mimi mwenyewe."

Nikampita mbio. Nyumbani mama mkwe alikuwa anacheka. "Leo umeshiba nini? Huyu umemnyonyesha usiku kucha." Njoki alikuwa amelala, na midomo yake ilikuwa myeusi.

Nikampa titi. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akalia kama amepewa mtu asiyemjua. Hakunyonya kwangu tena. Nilimlea kwa uji, Mungu ni shahidi, na sasa yeye mwenyewe ni nyanya. Lakini ukungu ukishuka, husimama mlangoni akitazama msitu, na nikimwita hageuki. Tangu ajue kusema, hajawahi kuniita mama.

Kwa hivyo wewe, ukiona uyoga kwenye gogo, chuma ukiwa umesimama. Na mtu akikuuliza habari ya mtoto wako, nyamaza.