Alama Nyekundu Kwenye Posho Mill

Msimu ule homa ya matumbo ilipotusumbua hapa Kiplombe, binti yangu alinionyesha ramani kwenye simu yake. Mtu akiugua, alijaza mwenyewe mahali anapokaa, na ramani ikaweka alama nyekundu. Nilimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watoto wetu. Kisha nikaona alama zimerundikana mahali pamoja: kwenye posho mill ya jirani yangu, mjane aliyelea wanawe kwa kusaga mahindi yetu.

Haikuchukua muda, mashine ikanyamaza. Watu waliamini ugonjwa unatoka kwenye kisima chake, wakapakia mahindi kwenye boda boda wakaenda kusagia mjini. Mjane alikuja kwangu, hata kiti nilichomvutia hakukikalia.

"Mzee, nimekunywa maji ya kisima changu mbele yao. Hata hawakunitazama. Nikifunga, nitaenda wapi?"

Wiki hiyo ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya. Sisi huomba nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba hutoa chai. Wengine walinisihi tuombe kwangu. Nikasema zamu ni zamu. Walikuja, lakini vikombe vilibaki vimejaa mikononi.

Baada ya Neno, nilimgeukia fundi wa baiskeli, ambaye ndio kwanza alikuwa amepona.

"Ulipojaza kwenye simu, ulisema unakaa wapi?"

"Kwa posho mill."

"Wewe unakaa kwa posho mill?"

"Aa, Mzee! Si nakaa kule chini mtoni. Lakini ukisema mtoni, nani atajua ni wapi? Posho mill kila mtu anaijua."

"Na wewe, Mama?"

Mama aliyekaa kando yake aliinamisha macho. "Mimi pia. Hata mtu wa boda boda huwa namwambia hivyo hivyo."

"Kumbe tumehamia kwa huyu mama sisi wote," mtu akasema kutoka mlangoni, "na hata kodi hatulipi!"

Walicheka. Mjane peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili.

"Chai inapoa," alisema.

Fundi akanywa kikombe chake chote, akakisogeza aongezwe.

Tulikubaliana wa kule chini wachemshe maji ya mto. Binti yangu aliwaandikia wenye ramani. Alama zilichelewa kuondoka, lakini hatukuzingoja. Asubuhi iliyofuata, nikikamua ng'ombe, nilisikia mashine ikinguruma. Nilivua kofia nikashukuru, kisha nikabeba debe langu la mahindi. Nilipofika nilikuta foleni, na fundi wa baiskeli alikuwa amenitangulia.