Siku Niliyoshona Shuka Bila Uzi

Mdogo wangu alipanda jukwaani na gitaa begani, akatoa kwenye pochi kipande cha shuka nilichokitupa kwa mkono wangu miaka kumi iliyopita.

Mimi nikatamani sakafu ipasuke inimeze na kiti changu.

Tulieni niwaeleze. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na haraka sina.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiachia darasa la nne, mama alipougua na cherehani ikakosa wa kuikanyaga. Mdogo wangu akaendelea kusoma, kwa sare nilizomshonea mimi.

Akasoma weee, mpaka akawa mtunzi wa riwaya. Hakutosheka. Akashika na gitaa, kila kitabu akakitungia wimbo. Huku vitabu vinanunuliwa, kule kumbi zinajaa.

Mimi je? Mtu analeta suruali ipunguzwe, badala ya kuuliza itakuwa tayari lini, ananikazia macho: "Eti wewe ndiye dada yake?"

Hata mdundo wa wimbo wake wa kwanza aliutoa kwenye cherehani yangu. Mjukuu niliyembeba mgongoni mwenyewe akawa halali mpaka aimbiwe nyimbo za bibi mdogo. Zangu eti hazina kiitikio.

Iliniuma, jamani. Nisiwafiche.

Sasa alikuwa na kawaida yake. Kila sura akiimaliza anakuja chumbani kwangu mchana, anakalia ndoo iliyopinduliwa, ananisomea huku nashona. Hakuwahi kuniuliza nimeionaje. Ilinichukua miaka kugundua kwamba alikuwa anatazama miguu yangu.

Nikiacha kukanyaga ili nisikie vizuri, sura imepita. Cherehani ikiendelea kulia, anaichana.

Yaani mimi wa darasa la nne ndiye nilikuwa mtihani wake. Badala ya kujivunia, nikaona nimepata rungu.

Kitabu cha tatu mchapishaji alikirudisha mara mbili, akasema mwisho umepooza. Mdogo wangu akaandika mwisho mpya. Akaniambia huu nao ukigoma anaachana na vitabu, anabaki na gitaa lake.

Siku hiyo nilikuwa napinda shuka za mwenye gesti.

Akasoma. Mama mmoja amekwenda kumsikiliza mwanawe akiimba, lakini hana viatu, anaona aibu kuingia. Anasimama nje dirishani, anaimba naye kwa sauti ya chini. Mwanawe kule ndani anaitambua ile sauti, vidole vinamganda kwenye gitaa.

Miguu ikataka kusimama. Nikaikatalia.

Nilikanyaga kama nafukuzwa na mbwa, mwanzo mpaka mwisho.

Akafunga daftari taratibu. "Haya, dada. Nimekuelewa."

Akaondoka ameinamisha kichwa. Nikasikia utamu, kwa muda wa kama kunywa maji hivi.

Kisha nikainua shuka. Upindo mzima matundu matupu. Uzi ulikatika zamani, na mimi nimeshona hewa.

Nikakata ule ukingo, nikautupa kwenye boksi la vipande. Mwenye gesti akaja juu kwamba shuka imekuwa fupi, nikamwambia labda wageni wake wamerefuka.

Kitabu kikatoka, kikavuma kuliko vyote. Nikajua ametunga mwisho mwingine. Nakala niliyopewa niliiweka juu ya kabati, sikuifungua hata siku moja.

Mpaka juzi, kwenye sherehe ya miaka kumi ya kitabu hicho. Ndipo alipokishika kile kitambaa, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma.

Mama asiye na viatu. Neno kwa neno.

"Siku niliyotaka kuutupa mwisho huu," akawaambia watu, "nilipitia kwanza kwa dada kuokota kitambaa cha kufutia nyuzi za gitaa. Nikaokota hiki, matundu matupu bila uzi. Dada yangu anashona tangu mtoto, uzi haujawahi kumkatikia asijue. Mwisho nikaupeleka kwa mchapishaji jioni ileile."

Watu wakapiga makofi wakidhani nasifiwa. Mimi jasho linanitiririka mgongoni.

Aliposhuka akaja kukaa kando yangu. Nikamnong'oneza: "Ulijua miaka yote hii? Mbona uliendelea kuja kunisomea?"

"Ningemsomea nani mwingine, dada?" Akanifinya kiganja. "Ila tangu siku ile siangalii miguu. Naangalia uzi."

Wajukuu zangu mnaosoma humu, wivu unaweza kuiamuru miguu, hata mdomo. Masikio haujayaweza. Kizuri cha mwenzio kikishakuingia, kisifie tu upumzike, maana ukikinyima sifa utajichosha bure kama nilivyojichosha mimi.

Mtaniuliza, wivu wangu umekwisha? Haujaisha. Jumanne anakuja na sura mpya.

Nimenunua uzi mgumu, usiokatika ovyo.