Ndege Mbili Juu ya Usangu

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Leo nakusimulia kwa sababu umeniambia umeichoka ndege yako ya rimoti ya kujifunzia, unataka ile ya mabawa ya chini.

Mimi nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nasoma chuo Mbeya, nikikaa mtaa wa Soweto hapohapo mjini, kwa baba yangu mdogo, Ambakisye, mtu mpole ambaye angeweza kusahau kula akiwa na ndege zake za rimoti. Yeye ndiye aliyenifundisha. Ndege ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya povu jepesi, kama lile wanalofungia televisheni mpya, na mabawa yake yalikaa juu mgongoni. Ile ilikuwa na huruma. Ukichanganyikiwa unaachia vijiti vya rimoti, yenyewe inajinyoosha na kukusubiri. Niliirusha mpaka nikaanza kujiona rubani.

Ndipo akanitolea nyingine, nyekundu, ya kasi, mabawa chini ya tumbo.

"Hii haijinyooshi," akaniambia. "Ukiilaza, italala hivyo mpaka uiinue wewe. Na ikifika mbali hutajua kama inakuja au inaondoka."

Tukaenda kuirushia bonde la Usangu. Kilikuwa kiangazi, watu wamechoma nyasi, moshi mwembamba umetanda na jua limefifia kama linaumwa. Hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia porini. Karibu nasi alikuwepo Mama Minza, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na familia yake. Tulimsalimia, akasimama kutazama huku ng'ombe wake wakila.

Ndege ilipaa vizuri. Nikaipeleka mbali, nikaigeuza, ikapotea kidogo kwenye moshi, nikaiona tena. Nikaanza kutabasamu. Kisha nikagundua ng'ombe wameacha kula. Wote walikuwa wameinua vichwa, lakini hawakutazama ninakotazama mimi. Walitazama nyuma yetu.

Mama Minza akauliza taratibu, "Binti, na ile nyingine ni ya nani?"

Sikuthubutu kugeuka. Ndege ya namna ile ukiiondolea macho umeipoteza. Nikasukuma kijiti kulia. Niliyokuwa naitazama ikaenda kulia, lakini ilichelewa kidogo, kama mtu anayemwigiza mwenzake. Nikarudia. Ikachelewa tena. Hapo nikasikia mlio wa propela mgongoni kwangu, unakuja, unashuka.

"Gwe Atu," baba mdogo akaniita kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini kabisa, "unayoifuata siyo."

"Baba, si hii hapa, naiona."

"Unaiona, sawa. Sogeza kijiti kidogo tu, halafu sikiliza ipi inaitika."

Nikasogeza. Mlio wa nyuma ukabadilika papo hapo. Nikageuka. Ndege yangu ilikuwa imelala ubavu, inamjia Mama Minza usawa wa kifua. Nikaiinua. Ikapita juu ya kichwa chake, karibu kiasi cha kukitikisa kitambaa alichojifunga. Baba akasogea begani kwangu akawa ananisemesha polepole, punguza, nyoosha, iache ishuke, mpaka ikagusa majani makavu na kusimama.

Nikaiendea, nikachomoa betri. Mlio haukukoma.

Tukainua macho wote watatu. Ile nyingine ilikuwa bado inazunguka ndani ya moshi, nyekundu vilevile. Halafu ikanyooka kuelekea milimani na mlio wake ukafifia. Ng'ombe wakainamisha vichwa, wakaendelea kula.

"Hiyo siyo ya watu," Mama Minza akasema, akaanza kuwaswaga ng'ombe wake kwenda kwao.

Njiani baba akavua kofia, akanionyesha kovu kisogoni. "Kule Nyololo, siku ya ukungu, mimi niliifuata ile mpaka yangu ikanijia kwa nyuma. Nilikuwa peke yangu. Hapakuwa na wa kuniuliza alichokuuliza yule mama."

Hakuizungumzia tena mpaka alipofariki. Nami sijui ilikuwa nini, mwanangu, na sikudai uamini. Nimekaa hapa Mlandege miaka mingi, na bado siku za moshi huwa sirushi.

Sikukatazi ndege ya mabawa ya chini. Ichukue, umekua. Ila ujue kwamba ile ya kwanza ilikuwa ikikusahihisha kimyakimya, na hii itakuacha na kosa lako. Usiende nayo peke yako. Mtu asiyejua chochote cha ndege akikuuliza swali, msikilize. Na siku utakapoona mambo yanakwenda vizuri bila wewe kuhangaika, usifurahie kwanza. Sogeza kijiti kidogo, uone kama ni wewe unayeitikiwa.

Mungu aitulize mikono yako. Kilicho chako kikusikie na kurudi kwako kizima, na kisicho chako kipite juu yako kiende zake.