Mwalimu Aliyekoroga Uji Siku ya Wageni

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mwezi uliopita, mshereheshaji alishika kipaza sauti katika ukumbi mmoja hapa Newala, akaanza kuita walimu wa chekechea waliofanya kazi vizuri kuliko wenzao. Mimi nilikuwa nyuma, nikiangalia nyaya za spika nilizozifunga mwenyewe. Kila aliyeitwa alipigiwa vigelegele, akapewa cheti, akapigwa picha. Nikajikuta namtafuta kwenye ule mstari mwanamke ambaye nilishiriki kumzika.

Kijiji chetu kiko juu ya uwanda, ambako mikorosho hustawi na maji ni shida. Nilipokuwa mdogo, mama zetu walishuka bondeni alfajiri na ndoo, wakarudi jua limeshapanda. Kwa hiyo shule yetu ya vidudu ilifunguliwa saa kumi na moja, giza bado lipo. Mama alinikabidhi nikiwa nusu usingizini, na mwalimu akanilaza kwenye mkeka, kati ya watoto wengine, akanifunika khanga yenye harufu ya moshi.

"Mwalimu, shikamoo. Huyu wangu leo kaamka na kiburi, mtie adabu."

"Marahaba. Kiburi hicho ni chako, mwanangu. Nitakutunzia mpaka urudi."

Akina mama walicheka, nikasikia ndoo zikigongana mpaka njia ilipoinama kuelekea bondeni.

Kulipokucha alitukagua miguu na kututoa funza kwa pini, akisimulia hadithi ili tusilie. Kila mtoto alipata kikombe kimoja cha maji ya kunawa, na alinawia juu ya tuta la mchicha. Tulihesabu kwa korosho mbichi, kwanza kwa Kimakonde, kisha kwa Kiswahili. Kulikuwa na mtoto ambaye kijiji kizima kilimwita bubu na mjinga. Siku moja mwalimu alitia korosho ndani ya kopo, akasimama nyuma yake, akatikisa. Sote tuligeuka isipokuwa yeye. Mwalimu akasogea karibu, akatikisa tena, mtoto akageuka. Tangu hapo alikaa mbele, peke yake, na mwalimu alisema naye akimtazama usoni. Kabla ya mavuno alikuwa anahesabu mpaka ishirini.

Miaka hiyo biashara huria ilikuwa imefika. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, ushirika ukayumba, na posho ndogo ya mwalimu ikakatika. Aliendelea kufungua saa kumi na moja. Kisha ikaja barua: wageni kutoka wilayani wangepita kutazama vituo vya watoto. Mwalimu bora angepewa cheti na bahasha. Kituo kisicho na mwalimu aliyesoma kingefungwa.

Mwalimu wetu aliishia darasa la nne. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, akaitisha kikao. Alipendekeza tumsimamishe mbele, kwa siku moja tu, kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne.

"Na wakifunga, mimi wangu nimwache na nani? Na kuku?" mama mmoja aliuliza.

Hakuna aliyebisha. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefunga kikao.

"Mwekeni kijana. Mimi nitakoroga uji. Ila mkishinda, hiyo karatasi niletewe niitazame."

Wageni walikuja, bwana mmoja na mama mmoja mwenye miwani. Tuliogeshwa kwa maji ya siku mbili. Kijana alisimama ubaoni, jasho linamtoka. Mwalimu alikaa nje, karibu na mlango, mwiko mkononi. Yule mama alimtazama mtoto aliyekaa mbele, akauliza kwa nini yuko peke yake. Kijana hakujua. Nikajibu mimi, nilikuwa na miaka sita: "Hasikii vizuri. Mwalimu alimpima kwa kopo la korosho."

Yule mama akavua miwani. "Alimpima? Mwalimu yupi?"

Nilitazama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameacha kukoroga. Mjomba, aliyesimama nyuma ya wageni, akakohoa. Kwetu mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba, na mjomba alikuwa ameshasema. Nikanyoosha kidole kwa kijana.

"Hongera sana, mwalimu," yule mama alimwambia, akaandika. Nje mwiko ulianza tena kugonga sufuria.

Tulishinda. Kijana aliitwa Newala kupokea zawadi, na hakurudi. Baada ya wiki kadhaa mjomba alimfuata Masasi, akamkuta anafundisha kwenye chekechea ya mtu binafsi, cheti kimetundikwa ukutani.

"Mjomba, jina ni langu. Niwape karatasi yenye jina langu muifanyie nini?" Kijana akatoa kilichobaki kwenye bahasha.

Mjomba alipomkabidhi mwalimu zile noti nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka. Hakuzihesabu.

"Na karatasi?"

"Ina jina lake, dada."

"Basi." Akamtuma mtoto mkubwa dukani kwa sukari. Wiki ile tulikunywa uji mtamu, nami nilikunywa kuliko wote.

Aliendelea mpaka miguu ilipomkataa. Hakupatikana wa kufungua alfajiri, na kituo kikafa. Leo banda lililokuwa shule yetu ni ghala la mnunuzi wa korosho. Bomba limefika, ingawa maji hutoka siku yanapotaka. Hakuna tena mama anayemkabidhi mtu mwanawe gizani kwa mzaha.

Ningeweza kusema lawama ni ya mjomba, au ya kijana. Lakini mwalimu aliishi miaka mingi baada ya hapo, nyumba ya nne kutoka kwetu, na mimi nilishajifunza kuandika barua za ofisini. Niliwaandikia majirani barua za mashamba, za mirathi, za pensheni. Mbili nilimwandikia yeye mwenyewe, kuomba miwani. Ya kueleza nani alitikisa lile kopo sikuiandika. Kila mwaka niliona bado kuna muda, mpaka nikashika jembe kaburini kwake.

Mjomba alinitajia hesabu ya ile bahasha kabla hajafariki, bila kuulizwa. Baada ya kutoa nauli ya kwenda na kurudi Masasi, alichomkabidhi mwalimu kilikuwa shilingi elfu mbili na mia tatu.